Mringaringa Ulioondoka Bila Kuagwa

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na aliyelielewa ni Stella peke yake. Aliinua kifimbo juu ya ubao mrefu wa marimba, ule wenye sauti nzito kuliko zote, na kabla hajakishusha, ubao ukalia.

Akabaki na mkono hewani. Nyuma yake vayolini na chelo ziliendelea na wimbo wao, mvua ya masika ilipiga bati la ukumbi, na Isack, aliyekuwa amesimama mbele akiongoza, alimkunjia uso akidhani amekosea kuhesabu.

"Umewahi," alimwambia mazoezi yalipokwisha na vijana walipokuwa wakifunga vyombo vyao.

"Sijapiga," Stella alisema.

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Na mimi nimesikia. Lakini sijapiga, Isack. Umelia wenyewe."

Isack alicheka, akamshika bega, akamwambia aende akapumzike. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyesoma mbali, kile kinachomfanya mwenzake aone haya kwa kusema alichokiona. Stella akaona haya kweli, akanyamaza. Laiti angebisha.

Isack Mmari alikuwa mtoto wa Old Moshi, wa kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa na babu yake. Alikwenda Ulaya kusoma muziki, akarudi na ndevu na neno moja jipya: konseto. Konseto ni muziki ambamo chombo kimoja husimama peke yake na okestra nzima hukijibu, mara kwa upole, mara kwa ugomvi, kama bibi harusi na mawifi zake. Ya Isack ilikuwa ya marimba na okestra ya nyuzi, na hakuna aliyekaa naye meza moja bila kusimuliwa. Mama yake alipowaambia majirani kwamba mwanawe sasa ni kondakta wa muziki, mmoja aliuliza kama muziki huo unapita Himo.

Stella Tarimo alitoka Mkuu, kule Rombo, na marimba alijifunza shuleni kwa masista. Wazazi wake hawakuwa na la kumrithisha, maana migomba ilikuwa ya kaka zake, kwa hiyo mikono yake ndiyo ilikuwa shamba lake. Alikuwa mchumba wa Isack. Familia zilibishana sana, hawa Wakatoliki na wale Walutheri, mpaka wakakubaliana harusi ifungwe baada ya onyesho. Na kwenye onyesho angekuwepo mgeni kutoka chuo kimoja cha muziki cha ng'ambo, anayekuja kumsikiliza Stella tu. Akipendezwa naye, angempa nafasi ya kusoma. Kila kitu alichokuwa nacho Stella duniani kilikuwa kwenye vidole vile.

Sasa tuje kwenye mti. Marimba nyingi hutengenezwa kwa mninga, lakini Isack alitaka yake iwe na sauti ya mlima. Akauchagua mringaringa mkubwa uliosimama nyuma ya nyumba ya babu yake. Kwenye karatasi iliyochapwa kwa ajili ya wageni aliandika maneno mazuri sana juu ya urithi na wahenga. Kuwaandika wahenga ni rahisi, kazi ni kuwasikiliza.

Maana kule juu mti mkubwa wa kihamba haukatwi hivi hivi. Wazee husema mti huo ni dada wa mwenye shamba, na ukitakiwa, huozwa. Siku moja kabla, mwenyewe humpelekea maziwa, asali na pombe ya mbege pale shinani, akamwambia taratibu kwamba amekua, amepata mume, na kwamba hafukuzwi. Kesho yake mwenyewe haonekani nyumbani. Wenye mashoka ni watu wengine, ndio upande wa mume. Jioni yeye hurudi, hushtuka, hulia kwamba ameibiwa dada, nao humbembeleza. Siku hizi wengi wameyaacha maziwa na asali, lakini hata mzee wa kanisa, siku mti wake unapoanguka, huwa ana safari ya ghafla ya sokoni.

Jirani yao, Mzee Yakobo, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya mfereji, alikuja kumkumbusha.

"Nenda zako Moshi siku hiyo, kijana. Nitaukata mimi. Ndivyo inavyokuwa."

"Mzee Yakobo, nina kibali cha halmashauri," Isack alimjibu.

Akaushika msumeno wa mashine kwa mikono yake mwenyewe, huku rafiki yake akimpiga video ya kuwatumia wafadhili. Mti ulipoanguka alisimama juu ya shina akainua mkono kama mwindaji. Mama yake alikuwa dirishani. Alifunga pazia.

*

Mazoezi yakiisha, marimba ilirudishwa sebuleni kwa Isack, kwenye nyumba aliyopanga mtaa wa Soweto mjini Moshi, kwa sababu ukumbi ulikuwa unavuja. Mara ya kwanza kuingia na kukuta mashati yake yamepigwa pasi alifurahi tu. Stella alikuwa na funguo. Siku nyingine akakuta maji ya kuoga yamepashwa moto, na kitanda kimetandikwa kwa namna ya nyumbani, shuka limekunjwa pembeni vile alivyokunja bibi yake. Nyumba ilinuka maziwa mabichi na mti uliokatwa sasa hivi. Hilo alilishangaa kidogo, maana mbao zile zilikaushwa miezi mingi, lakini mtu anayehudumiwa haulizi maswali mengi.

Asubuhi moja aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda una joto. Aliweka kiganja pale, akakiacha kwa muda. Alijua Stella hajalala pale, kwa sababu Stella hakuwahi kulala pale. Alijua pia kwamba hakuogopa kama inavyompasa mtu kuogopa, na jambo hilo lilimtia aibu ambayo hakuitafutia jina. Akaamka, akaoga maji ya moto, akaenda kazini. Na usiku uliofuata hakufunga mlango wa chumba.

"Asante kwa mashati," alimwambia Stella wiki hiyo.

"Mashati gani?"

Isack akabadilisha mazungumzo. Stella si mjinga. Alasiri moja umeme ulipokatika na mazoezi yakaahirishwa, alikwenda Soweto bila kusema. Alikuta vikombe viwili mezani, kimoja cha chai na kingine cha maziwa yaliyoanza kuganda, na chumbani akakuta mito miwili imebonyea. Alinusa mmoja. Isack aliporudi alimkuta amesimama katikati ya sebule, mto mkononi.

"Kuna mwanamke humu," Stella alisema kwa sauti ya chini.

"Stella, naapa hakuna."

"Usiape. Mimi nimelelewa na masista, si kipofu." Akautupa mto sakafuni. "Mwambie huyo wako anayenuka kama kiwanda cha mbao kwamba mimi nina pete."

Nyuma yao ubao mrefu wa marimba ukalia mara moja. Hakukuwa na mtu karibu nao. Wote wawili waligeuka, wakaangalia, na mlio ule haukuisha haraka kama inavyopaswa. Ulishuka, ukawa mnong'ono, ukaendelea kutetemeka kwenye vioo vya dirisha mpaka Stella akashika mkoba wake akatoka mbio.

Kesho yake kidole kidogo cha mkono wake wa kulia hakikukunjika.

Baadaye kikafuata cha pili. Daktari alimgusa, akampiga picha, akasema ni uchovu, akampa dawa ya kuchua. Lakini ngozi ya vidole ilikuwa inakauka na kupasuka mistari mirefu, na Stella alipovigonga mezani vilitoa sauti ambayo nyama haitoi. Alianza kuvaa glovu za sufu, akisema ni baridi ya mvua. Vifimbo alivifunga mkononi kwa bandeji, akapiga hivyo hivyo, akilia kimyakimya, kwa sababu onyesho lilikuwa linakaribia.

Okestra nayo ilikuwa imeanza kunong'ona. Godlove, kijana wa chelo aliyekulia Tanga, alimvuta Isack pembeni ya ukumbi.

"Kaka, usinicheke. Tukifika ile sehemu ya polepole, kuna mtu analia nyuma yangu. Mwanamke. Nikigeuka kuna ukuta."

"Ni mwangwi."

"Mwangwi haukushiki begani. Hilo ni jini, kaka. Ita shehe, ita mchungaji, ita yeyote."

Isack alimwambia atunze midundo yake. Lakini jioni hiyo alimwona Stella ukumbini akijaribu kufunga kifungo cha sweta kwa meno. Jumapili alipanda Old Moshi kwa shangazi yake.

*

Shangazi Anasia alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, mwanamke mwembamba aliyeimba kwaya asubuhi na kupokea watu wenye shida zao mchana, na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Isack alimkuta jikoni akimenya ndizi za mtori. Mama yake Isack alikuwepo pia, akiosha sufuria.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Alieleza yote, isipokuwa ile habari ya kitanda. Shangazi alimsikiliza bila kuacha kisu.

"Watu mjini wanasema ni jini," Isack alimaliza.

"Jini anatoka mahali pengine, ndiyo maana hufukuzwa. Huyu utamfukuzia wapi? Kwao ni hapa." Akatupa ganda. "Mti ulikatwa na nani? Yakobo?"

"Hapana. Nilikata mimi."

Kisu kikasimama. "Wewe ulikuwepo?"

"Niliukata mimi, shangazi. Kwa mkono wangu."

Shangazi alimtazama mama yake Isack, naye mama akaiweka sufuria chini, akajifuta mikono, akatoka nje bila kusema neno, kwa sababu yapo mambo ambayo mama hasikilizi akiwa na mwanawe chumba kimoja. Alipokwisha toka, shangazi alijifunika kichwa kwa kitenge chake, akageuza uso ukutani.

"Mwenye kukata ndiye mume," alisema akiwa ameelekea ukuta. "Ndiyo maana mwenye shamba hukimbia. Tangu zamani hukimbia, hata asiyejua kwa nini. Wewe ulimchukua dada yako mwenyewe, ukampeleka ndani kwako. Anakufulia?"

Isack aliokota ganda la ndizi, akalizungusha mkononi.

"Anakutandikia?"

"Ndiyo."

"Kuna lingine?"

Moto wa kuni ulilia kidogo. Isack alitazama sakafu ya udongo, masikio yakamwaka, akasema hakuna lingine. Shangazi alisubiri, kisha akashusha pumzi.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Haya. Yule binti wa watu anageuzwa mti kwa sababu amevaa pete ya mwanaume wa mwenzake. Hana kosa, na mwenzake naye hana kosa. Mwenye kosa ni wewe. Utamwoza dada yako. Utasimama mbele ya watu wale wale wanaoletwa kumwangalia, utasema ulichofanya, utamwaga maziwa, na mtu wa ukoo mwingine atamchukua."

"Mbele ya watu? Shangazi, kutakuwa na wageni, na mchungaji, na wafadhili. Nifanyie hapa hapa, tumalize."

"Umeona wapi harusi ya chooni?"

"Na nisipoweza?"

"Utakuwa na wake wawili wa mti," Shangazi Anasia alisema, akakiokota kisu chake.

Isack alishuka mjini akiwa na nia ya kumweleza Stella kila kitu. Alifika mpaka mlangoni kwake. Alimsikia ndani akifanya mazoezi juu ya meza, tak, tak, tak, akatafuta namna ya kuanza: nimemchukua dada yangu. Mdomo ukakataa. Akarudi Soweto, akanunua pakiti ya maziwa dukani, na alfajiri, milango ikiwa imefungwa na mapazia yameshushwa, akayamwaga chini ya marimba akinong'ona kwamba anaomba radhi na kwamba anamwacha huru.

Maziwa yakakauka hapo hapo, kama yamemwagwa juu ya jiko. Kisha mbao zikaanza kulia moja moja, kuanzia ile ndogo mpaka ile ndefu, polepole, bila kupigwa, kama mtu anayepapasa uso wa mtu gizani, na hewa ya sebule ikajaa harufu ya maziwa mabichi na ya mti mbichi na ya nywele za mwanamke zilizolowa mvua, na Isack, aliyekuwa amepiga magoti na pakiti tupu mkononi, akasikia nyuma ya shingo yake pumzi ya mtu anayecheka bila kutoa sauti, si kwa ubaya, bali kama mke anavyomcheka mume aliyelewa anayedai anahama nyumba. Kitandani kule chumbani shuka likasikika likivutwa na kunyooshwa.

Siku hiyo hiyo mkono wa kushoto wa Stella nao ukafunga.

*

Onyesho lilifanyika Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele na karatasi zao zenye habari za wahenga. Mchungaji alikuwepo, wazazi wa Stella walikuwa wameshuka kutoka Rombo na nguo zao za Pasaka, na nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa mama yake Isack, Shangazi Anasia na Mzee Yakobo.

Kabla ya kuanza Isack alishika kipaza sauti. Alimwona shangazi akimtazama. Akafungua mdomo, akawashukuru wafadhili. Akawashukuru tena. Akaweka kipaza sauti chini, akawapa watu mgongo. Aibu ni mzigo wa ajabu: mtu huona heri uangukie miguu ya mwenzake kuliko yeye kuutua hadharani.

Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Stella alipiga kwa vifimbo vilivyofungwa na bandeji chini ya glovu nyeupe ambazo watu walidhani ni mapambo. Ikaja sehemu ya pili, ile ya polepole, ambapo nyuzi zote hushika sauti moja nyembamba na marimba huingia peke yake. Stella aliinua mkono, na ubao ukalia kabla yake. Akainua mkono mwingine, na ubao wa pili ukalia kabla yake. Akajaribu kuwahi na marimba ikamwahi, akajaribu kusubiri na marimba ikaendelea bila yeye, mpaka ikawa si Stella anayepiga tena bali ni Stella anayekimbizana na sauti huku na huku, mikono ikiburutwa kutoka ubao mmoja hadi mwingine na kitu kisichoonekana, na nyuma ya chelo mwanamke akaanza kulia, kwanza kwa chini, kisha kwa sauti ambayo kila aliyekuwa ndani ya ukumbi aliisikia na kila mmoja alijiambia kwamba ndivyo muziki wenyewe ulivyoandikwa. Glovu ya kulia ilichanika. Kilichoonekana ndani yake hakikuwa na rangi ya mkono wa mtu.

Stella alimtazama Isack. Hakupiga kelele. Midomo yake ilisema tu, "Nisaidie."

Isack akashusha fimbo yake. Okestra ikafifia, lakini marimba haikunyamaza. Akageuka kuwaelekea watu. Alianza kwa Kichagga, lugha ambayo hakuwahi kuitumia mjini tangu arudi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

"Mti huu ni dada yangu. Niliukata mimi mwenyewe. Nilimtoa kwao bila maziwa na bila kumuaga, nikamweka ndani kwangu. Amenifulia, amenitandikia, na nilijua, na nikanyamaza. Nimemchukua dada yangu. Naona aibu mbele ya Mungu na mbele yenu. Leo namwoza. Nani anamtaka?"

Halafu wageni wa mbele wakapiga makofi.

Walidhani ni igizo. Mmoja alisimama ili apate picha nzuri. Vijana wa pembeni wakacheka na kutoa simu zao, na mchungaji akainamisha kichwa akawa anasoma viatu vyake. Mama yake Isack alijifunika uso. Isack alisimama katikati ya makofi yale, akatamani angepigwa mawe badala yake, maana mawe angalau yangeonyesha kwamba wameelewa.

"Mimi namtaka," sauti ikasema kutoka nyuma.

Mzee Yakobo alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Nyumba yangu haina mwanamke tangu marehemu aondoke. Sina mengi. Nina ng'ombe mmoja na bati lisilovuja. Nitamtunza."

Alipita katikati ya viti, Shangazi Anasia akimfuata na kibuyu cha maziwa alichokuwa amekificha ndani ya kitenge, kwa sababu alimjua mtoto wa mdogo wake. Isack alikipokea, akamwaga sakafuni, mbele ya viatu vya wageni. Yakobo akaweka kiganja juu ya ubao mrefu.

"Twende nyumbani, mama," alisema kwa upole.

Marimba ikanyamaza. Vidole vya Stella vikafunguka kimoja kimoja, kwa maumivu, na vifimbo vikaanguka. Alitoa glovu. Ngozi ilikuwa imechanika na ina damu, lakini ilikuwa ngozi. Alivikunja vidole, akavikunjua, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Kisha akanyamaza, akamgeukia Isack.

"Umesema ulijua. Tangu lini?"

"Tangu nilipokwenda kwa shangazi."

"Jumapili ile? Na Jumatatu nikapiga. Na Jumanne. Ukanifunga bandeji wewe mwenyewe."

"Niliona aibu, Stella."

"Aibu yako ulitaka niilipe kwa mikono yangu."

Alivua pete. Ilitoka kwa shida kwenye kidole kilichovimba. Aliiweka juu ya marimba, akaenda kukaa kati ya mama yake na baba yake, na yule mgeni wa chuo alimfuata pale pale akampa kadi yake, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba atarudi mikono ikipona. Ndilo jambo zuri pekee la siku ile, na halikuwa la Isack.

*

Yakobo aliipakia marimba kwenye pikapu akapanda nayo Old Moshi. Nyumba ya Soweto ikaacha kunuka maziwa. Mashati yakawa yanakunjamana kama ya watu wote, na Isack alilala vizuri, ingawa alilala upande mmoja tu wa kitanda.

Hakupanda kijijini kwa muda mrefu. Video ilikuwa imezunguka, na watoto wa mjini walimwita Shemeji wa Mti. Alipokwenda hatimaye, ilikuwa kwa sababu ya mazishi ya jirani, na baada ya ibada alimwona Yakobo kwenye uwanja wa kanisa. Mzee alikuwa amenawiri. Shati lake lilikuwa limenyooshwa, kola imekaa vizuri.

"Shikamoo, Mzee Yakobo."

"Usiniamkie hivyo, mimi ni shemeji yako." Yakobo akamvuta kando, chini ya paa la ofisi ya usharika, akatazama nyuma kabla ya kusema. "Dada yako anakusalimu. Anauliza mbona huji."

"Anaongea?"

"Mtu akizoea, husikia. Ni mke mzuri, sina neno juu yake." Sauti ya mzee ilishuka zaidi. "Lakini ule ubao mrefu umevimba, shemeji. Hapa katikati. Nikadhani ni unyevu, nikausogeza karibu na jiko. Juzi nikaweka mkono. Kuna kitu kinacheza ndani."

Isack alitazama huku na huku kama kuna anayewasikia.

"Mimi ni mtu mzima," Yakobo alisema. "Tangu aje nimelala kwenye kiti sebuleni, kwa heshima, mpaka atakapozoea. Sijamgusa. Alikuja kwangu akiwa mjamzito." Akamshika mkono Isack, wala si kwa hasira. "Sitamwambia mtu, hata shangazi yako. Ila mtoto akizaliwa lazima apewe jina na baba yake, ndivyo tunavyofanya. Uje."

Watu walikuwa wakipita wakielekea kwenye chakula cha msiba, wakiwapungia mkono. Isack aliwapungia pia. Uso wake ulikuwa unawaka mpaka shingoni, na alijua kwamba safari hii hakuna ukumbi wala makofi wala mtu wa kusimama nyuma akasema namtaka.

"Nitakuja," alisema akitazama chini.